Bomba la Masizi la Unggat

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko pale mji wa pwani wa Bintulu. Hapana, nasema uongo, ulikuwa mwaka uliofuata, maana daraja lilikuwa limeshatengenezwa. Baada ya miaka mingi kwenye majukwaa ya gesi baharini, Unggat alikuwa amehamishiwa mtambo mdogo wa majaribio. Humo gesi asilia ilipitishwa ndani ya madini ya bati yaliyoyeyuka. Hidrojeni ikapanda juu, na kaboni ikabaki masizi ya kuzoa, badala ya kupaa angani kama kwenye matanuri ya zamani. Jaribio likifika Ijumaa bila kuzimika, mtambo utabaki na Unggat atalala kwake. Likizimika, anarudi baharini. Na Remi, mkewe, alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua.

Kwa Waiban, kabila la Unggat, mume wa mjamzito hazibi tundu, mtoto asije akakwama. Asubuhi ile mama mkwe alimkumbusha tena.

"We Unggat, usizibe kitu. Hata chupa ya maji iache wazi."

"Mama, kule kwangu ni mabomba tu."

"Basi na hayo usiyazibe."

Hakuziba. Bomba lilijiziba lenyewe. Kabla ya saa sita masizi yalijaa kwenye njia ya kutokea, mshale wa kipimo cha shinikizo ukaanza kupanda. Unggat akaketi, akasimama, akaketi.

"Tulia, baba kijacho," akasema mhandisi Ling. "Tunapunguza gesi kwanza, lipoe. Ukifungua sasa hewa itaingia, mtambo ujizime."

"Bosi, limeziba kabisa!"

"Naliona. Unahangaika utadhani uchungu umekushika wewe."

Akaenda zake kupunguza gesi, anacheka. Unggat akabaki na bomba. Kila akilitazama anaona tumbo la Remi. Mkono ukashika vali, ukaacha, ukashika tena. Akafungua.

Masizi yakamwagika, king'ora kikalia, mtambo ukazimika. Ling alirudi mbio akamkuta mweusi mpaka kope.

"Umefanya nini, Unggat?"

Mara mlinzi akaja kutoka getini anapiga kelele: nyumbani wamepiga simu, mtoto wa kike, katoka upesi kama kateleza.

Bati liliganda humo humo. Mwezi haujaisha, Unggat yuko baharini.

Kila likizo huuliza. Alimuuliza Ling, akamuuliza mkunga, akamuuliza mama mkwe, naye akaendelea kumenya vitunguu. Swali la Unggat ni lile lile: "Ningengoja lile bomba lipoe, mwanangu naye angengoja?"