Kinanda cha Mkamburi

Juzi, kwa fundi wa redio mjini Voi, niliona kinanda cha zamani kikipiga wimbo chenyewe baada ya kubonyezwa kitufe kimoja. Kumbe! Utotoni niliamini ni vidole vya binamu yangu Mkamburi vilivyoupiga wimbo kama huo sebuleni kwao. Sauti ile ilinibeba juu ya mawingu, mbali na vumbi letu.

"Nami nijaribu," nilimwomba Mkamburi siku moja.

"Na hayo masizi? Kanawe kwanza!"

Nilinawa mara tatu.

"Bado unanuka moshi," alisema, akaendelea kupiga.

Kwa wivu nikamwomba Mungu stima ipotee. Ikapotea papo hapo. Mkamburi alicheka tu. Mimi ndiye niliyelia, kwa kuwa wimbo ulikatika nikiwa bado huko juu.