Njaa Niliyoitunga

Sentensi ya kwanza ya riwaya yangu niliirekodi mara thelathini na saba. Naijua idadi kwa sababu simu ilikuwa inazipa rekodi namba, na nilipofika ya thelathini na saba ikaniambia haina nafasi tena. Nilikuwa nimejifungia chumba cha kufulia, Riyadh, saa za mchana ambapo nyumba nzima hulala baada ya chakula, na kila nilipofika katikati ya sentensi mashine ilianza kukamua. Mtu mwenye akili angeizima mashine. Mimi nilibadilisha sentensi.

Chanzo ni kitabu. Binti mkubwa wa madam alikuwa akisoma lugha chuo kikuu, na alipomaliza mtihani wake wa mwisho alitoa boksi zima la vitabu nje ya mlango wa nyuma, karibu na takataka. Humo nikakuta kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu fasihi ya kale ya Uhispania na namna ilivyowaathiri waandishi waliofuata, katika nchi nyingine na karne nyingine. Mimi niliishia kidato cha nne. Kiingereza changu nilikiongeza mwenyewe kwa kusoma chochote chenye maandishi, zikiwemo zile karatasi nyembamba zinazokunjwa ndani ya pakiti za dawa. Kitabu kile kilinichukua miezi minane, kurasa nne kwa siku, na nilipokwama kwenye ukurasa mmoja nilirudi kuanza sura upya, hata kama nilikuwa nimebakiza aya mbili.

Sura iliyonikamata ilisema hivi: zamani hadithi zilikuwa za wafalme na mashujaa, mpaka Wahispania fulani wakaleta ujanja mpya. Mtu wa chini kabisa, mtumishi mwenye njaa, anasimama na kusema "mimi", kisha anaeleza mabwana aliowatumikia, mmoja baada ya mwingine, na uchoyo wao na unafiki wao. Anaeleza kama mtu anayetoa ushahidi, hata msomaji anaapa kwamba yote yametokea. Kutoka kwa mtumishi huyo, kilisema kitabu, wakazaliwa watoto na wajukuu kote duniani. Waingereza, Wafaransa, Warusi, watu wa Amerika ya Kusini, wote waliazima ile "mimi" ya jikoni.

Nilisoma hayo huku pasi imo mkononi. Wenzangu wa karne zote hizo walilazimika kumbuni mtumishi. Mimi nilikuwa nimevaa eproni yake.

Nilichokosa ni mabwana. Maishani nilikuwa nimetumikia madam mmoja tu, na hakuwa na kasoro ya kujaza nusu ukurasa. Alikuwa mwalimu, mjane, mtu wa kuuliza "umekula?" kabla ya kuuliza kama vyombo vimeoshwa. Ikama yangu, kile kibali cha mgeni kuishi Saudia, niliiweka mwenyewe, kwenye pochi yangu. Alinipa chumba chenye mlango unaofungika kwa ndani, na nilipomwambia napenda kuandika akanunua meza. Kwetu tulikuwa saba katika vyumba viwili. Meza ilikuwa ya baba. Nataka msomaji ajue jambo hili tangu sasa: katika yote yaliyofuata, kitu nilichoogopa kukipoteza kilikuwa nyumba ile, na mle ndani, meza ile.

Basi nikatunga mabwana watatu. Wa kwanza alipima mkate wangu kwa mizani ya kupimia watoto wachanga, kabla sijala na baada ya kula, apate kujua nimeiba kiasi gani. Wa pili alikuwa bibi aliyeniruhusu kula pale tu wageni wanaposifu chakula, naye hakualika wageni. Wa tatu alifunga bomba la maji ya kunywa, akaweka ufunguo ndani ya soksi, akalala na soksi.

Nilizituma sura hizo kwa sauti katika kikundi chetu cha simu, wanawake wa Kenya tunaofanya kazi za nyumbani Riyadh na Jeddah. Wengi husikiliza wakipiga pasi au wakimenya vitunguu, na hakuna mwenye nafasi ya kusoma kurasa. Sikusema kwamba ni hadithi. Nilijiambia ndivyo Wahispania walivyofanya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ningesema ni hadithi, wangeihukumu kama hadithi. Mtu akidhani anasikia habari, hawezi kukuuliza kwa nini sentensi ya tatu imelegea.

Hakuna aliyeuliza. Baada ya sura ya kwanza dada mmoja wa Riyadh alituma sauti: "Aki woiye, mizani ya mtoto? Huyo ni shetani na ikama!" Baada ya ya pili wakalia. Baada ya ya tatu, ya maji, simu yangu ilitetemeka mezani mpaka ikaanguka.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza bila aibu. Niliketi sakafuni nikisikiliza watu wakinililia, na nikawa najisahihisha: hapa wamelia sekunde moja mapema, nilipaswa kuichelewesha soksi.

Kikundi chetu lakini hakikuundwa kwa ajili ya fasihi. Kiliundwa kwa sababu njaa za kweli zilikuwapo, na kilikuwa na kanuni moja isiyovunjwa: mtu akishalalamika njaa, kukanusha kwake kwa simu hakukubaliwi. Huenda kafili, mwajiri aliyemdhamini, amesimama nyuma yake. Huenda simu si yake tena. Mpaka mmoja wetu amwone kwa macho, akila. Kwa hiyo nilipoandika, "Dada zangu, tulieni, nimetunga tu, mimi nakula vizuri," majibu yalikuwa sala. Nikatuma picha ya friji iliyojaa. Mmoja akasema, "Friji imejaa na mtoto hali. Mungu anaona."

Kiongozi wetu tulimwita Mamkubwa. Alikuwa mwanamke wa Mombasa, mpishi katika mkahawa wa Sharafiya, Jeddah, na kwa bahati mbaya wiki ile madam na wanawe walikuwa wanahamia Jeddah kwa likizo, kwa dada yake, nami pamoja nao. Mamkubwa alipopata habari alinitumia sauti fupi.

"Wee mwana, nisikize. Ijumaa baada ya swala uje hapa kwangu nikuone wala. Usipokuja, Jumapili mapema niko ofisi ya kazi na sauti zako zote tatu. Huyo madam wako wa kizungumkuti ataitwa, nawe utapandishwa ndege urudi kwenu, salama. Halas."

Ndege. Kwetu. Meza ya baba.

Siku mbili sikulala vizuri. Alhamisi, tukiwa tumeshafika Jeddah, madam akinywa kahawa, nikasimama mbele yake na hotuba ya Kiarabu niliyoiandika mara tisa, nikaisahau yote.

"Madam, nimekutia kwenye hadithi na nimeninyima chakula."

"Nani kamnyima nani?"

"Wewe, mimi. Si wewe. Mabwana watatu wa kutunga. Lakini watu wanadhani ni wewe."

Akaweka kikombe chini polepole, kama daktari. "Nimekunyima nini?"

"Mkate, madam. Na katika sura ya tatu, maji."

"Maji!" Nadhani mkate angeusamehe. "Nyumbani kwangu? Maji?" Alizunguka sebule mara mbili akimweleza marehemu mumewe habari ya maji. Kisha akauliza huyo anayetaka kunishtaki anakaa wapi, na kesho yake, swala ilipokwisha, akachukua ufunguo wa gari. "Yalla."

Ilikuwa miaka ile wanawake walipokuwa wameanza kuendesha, na leseni ya madam ilikuwa na miezi mitatu. Aliendesha kwa heshima kubwa. Baiskeli ya mpeleka chakula ilitupita. Kila aliyetupigia honi alimjibu, madirisha yakiwa yamefungwa, "Subira, mwanangu, subira," na mimi nyuma nikawa naomba tusifike, na kwa mwendo ule ilionekana dua yangu imekubaliwa.

Tulifika. Mamkubwa alitupokea mlangoni, mwiko mkononi, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Wahudumu wawili walisimama nyuma yake kama mashahidi. Alimtazama madam kuanzia viatu kwenda juu, akampa kiti, kwa kuwa adabu ni adabu, kisha akaniwekea sahani ya pilau ya mbuzi iliyoinuka kama kichuguu.

"Kula."

Hapa nalazimika kukiri jambo jingine. Mimi nikitazamwa siwezi kumeza. Nimekuwa hivi tangu shule. Tonge hukaa mdomoni kama jiwe la kuhifadhiwa. Nikatia tonge la kwanza. Likakaa.

"Mwaona?" Mamkubwa aliwaambia wahudumu. "Tumbo lishafunga. Mtu wa njaa ndefu hali ghafla."

Madam hajui Kiswahili, ila aliona sili. Akaegemea mbele, akasema kwa Kiarabu na kwa sauti ya mwalimu, "Kula, binti! Kula!"

"Mwasikia amri yake?" Mamkubwa akashika kifua. "Hata kula mtoto alishwa kwa amri. Mtazameni atetemeka."

Nikatema tonge kwenye kitambaa. "Mamkubwa, wallahi nilitunga."

"Wewe? Utunge yule bwana wa mizani? Yule namjua mimi. Nshamwona. Namjua mpaka viatu vyake."

"Sikutaja viatu."

"Ndiyo nakwambia namjua!"

"Nilimtoa kichwani. Kuna kitabu cha Wahispania..."

"Sasa na Wahispania wamo?" Akawageukia wahudumu. "Kachanganyikiwa, maskini." Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akaninyooshea mwiko. "Haya. Kama wewe watunga, tunga hapa. Bwana wa nne. Sasa hivi, nami nakutazama."

Sikuwa na chumba cha kufulia. Sikuwa na rekodi thelathini na saba. Nilikuwa na mwiko mbele ya pua yangu na madam ubavuni akinong'ona kwa Kiarabu kwamba kama ni lazima, tumwite shemeji yake mwanasheria. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni kile kilichokuwa mbele ya macho.

"Bwana wangu wa nne," nikasema, "alikuwa mpishi wa Sharafiya."

Mamkubwa akakunja uso.

"Alisifiwa mji mzima kwa ukarimu. Sahani zake zilijaa mpaka watu wakalia machozi. Lakini alisimama juu ya mgeni na mwiko, na kila tonge akauliza, 'Tamu?' Asiyesifu kufikia tonge la tatu alinyang'anywa sahani, ikapelekwa meza ya pili. Sahani moja ilikuwa na wiki mbili ikizunguka. Na pilau yake iliitwa ya mbuzi kwa haki kabisa, kwa maana mbuzi alikuwepo. Alipitishwa juu ya sufuria mara moja asubuhi, mzima, akanusishwa mvuke, akarudishwa zizini akale majani."

Mhudumu mmoja alipasuka kicheko, akajifunika na trei.

"Mbuzi wangu!" Mamkubwa alisimama, kiti kikaanguka. "Mbuzi wangu apitishwa juu? Mimi? Nani kakwambia? Ni nani hapa anatoa siri... anatoa uongo wa jiko langu?"

"Hakuna, Mamkubwa. Nimetunga."

"Mwongo! Mwongo mkubwa wee! Wanikalia mbele ya macho yangu, pilau yangu iko mbele yako, wasema..." Mwiko ukabaki hewani. Niliona wazo likimpanda usoni taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye birika la kioo. "Kumbe," akasema. "Kumbe wewe ni mwongo kwelikweli."

Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunisifu hivyo.

Madam akataka kujua kunasemwa nini. Nikamtafsiria yote, mwiko, sahani ya wiki mbili, mbuzi na mvuke. Alisikiliza kwa uzito, kisha akanyoosha vidole kwenye sahani yangu, akachimba ndani ya wali, akatoa pande la nyama, akaliinua juu watu wote walione. "Mbuzi yupo," alitangaza kwa Kiarabu. "Mimi shahidi." Mamkubwa, ambaye Kiarabu cha jikoni anakijua vizuri, akamshika mkono akambusu shavuni, na wakaanza kunisema mimi, kwa lugha mbili, wakielewana bila taabu. Hapo hakuna aliyekuwa akinitazama tena. Nikala sahani yote.

Sauti ya Mamkubwa ilifika kwenye kikundi tungali mezani: "Dada zangu, nimemwona kwa macho yangu. Njaa hana. Ana uongo." Yakafuata matusi, yale ya kupendana na yale mengine. Mmoja alikuwa amefunga siku mbili kwa ajili yangu na akataka nimrudishie. Mwingine akauliza kama bwana wa mizani alipatikana, na alipoelezwa tena kwamba hayupo, akasema sawa, lakini alipatikana?

Ujumbe mmoja ulikuja kwangu peke yangu, kutoka Riyadh, kwa mtu ambaye hakuwa ameandika neno kwenye kikundi kwa muda mrefu. "Sikujua ni hadithi. Nilidhani tuko wawili." Niliusoma ndani ya gari tukirudi, polepole, na sikutafuta maneno mazuri ya kumjibu. Nilimuuliza yuko wapi, kisha nikampa Mamkubwa namba yake. Kanuni ikafanya kazi yake; kabla likizo yetu haijaisha, dada wawili wa mtaa wa Batha, huko huko Riyadh, walikuwa wamemwona kwa macho, na madam wake akaitwa ofisi ya kazi, mahali ambapo wangu hakuitwa. Tangu hapo kila sura naianza kwa kusema waziwazi kwamba naitunga. Ujanja ule wa Kihispania niliuacha, na hadithi yangu haijafa kwa kuuacha, ingawa sentensi zangu sasa zinakosolewa sana.

Mkosoaji mkuu ni Mamkubwa. Ile sura ya nne, ambayo sikuirekodi, ameifanya yake. Anawasimulia wateja wa Sharafiya, na kila nikiisikia imeongezeka. Siku hizi mbuzi, akisharudishwa zizini, anakataa majani na kuwaambia mbuzi wenzake kwamba yeye hali chochote kisicho na bizari. Nilipomsikiza niliona wivu wa kweli, kwa kuwa nilijua kwamba hata kwa rekodi zangu zote nisingefika hapo. Nikampigia kumwomba ruhusa ya kuiingiza kwenye kitabu.

"Itie," akasema, huku nyuma yake vyombo vikigongana. "Lakini useme mbuzi ni wangu."