Upepo Yenye Munganga Alikuwa Anangojea

Bamama wa maombi, na ninyi batoto benye mutasomewa hii maneno: mimi ni Mama Masika wa Kimemi, hapa Butembo, ule wa samaki ya chumvi. Niliacha masomo mu mwaka wa tatu ya primaire, donc basi mukiona maandiko imepinda, mujue ni mukono. Tumbo ndiyo ilipinda zaidi, na Mungu akainyoosha. Naandika juu ya mutu mwenye tumbo inamuuma leo na anajinyamazia kwa haya.

Mbele ya ugonjwa nilikuwa na nguvu. Nilikuwa naenda mwenyewe Kyavinyonge, ku ziwa, kutafuta samaki, narudi nayo juu ya camion, nauza ku soko. Bugali nilikuwa nakula, usingizi nilikuwa nalala. Vita ilikuwa imetuzunguka, basoda ba kila namna balikuwa ku barabara, mais lakini mwenye kuuza anauza tu.

Mu ile vita, mujukuu yangu Kahindo akapata diplôme ya kumaliza secondaire. Baba yake, ndiye mutoto wangu, akakuja kuniambia:

—Mama, njia ya université imefungwa na basoda. Nataka Kahindo aende Uganda mwaka moja, ajifunze Kingereza. Kisha atarudi kusoma.

—Mwaka moja ya kuikala bule? nikamuuliza. Musichana haiko shamba ya kupumuzisha.

Kahindo alikuwa anaosha masahani. Akanijibu mimi koko yake, mama wa baba yake, bila kugeuka:

—Mais Koko, shamba yako ya maharagi ulipumuzisha, na ulijisifu mbele ya watu vile ilizaa.

Alikuwa na mudomo ule mutoto. Akaenda. Akafikia Mbarara kwa familia moja ya kanisa. Asubui alikuwa analinda batoto babo, kisha anaenda kusoma Kingereza.

Kisha miezi, mama moja mwenye kuchukuaka bitu Kampala akaniletea habari ku soko:

—Mama Masika, mujukuu yako niliona na macho yangu. Anavaa pantalon sawa mwanaume. Na Kingereza anaisemea mu pua sawa mutu wa mafua.

Nikafunga kitenge, nikapita Beni, nikapita Kasindi, nikaingia Uganda kumurudisha. Njiani basoda balitushusha mara mingi. Mimi mutu muzima, siwezi kuinama mu majani mbele ya basoda, donc nikajizuia haja yote, njia nzima.

Nilifika Mbarara nimekauka kama samaki yangu. Kahindo akakuja kunipokea, na kweli, pantalon.

—Funga mizigo, nikamwambia. Kesho tunarudi.

Mais ile kesho sikusimama. Tumbo ilikuwa ngumu. Kila kitu ilikuwa imefungwa, hata ile yenye hainaga uzito. Nikafanya lavement, ni kusema kujiingizia maji ya majani kwa nyuma, sawa tunafanyaka kwetu. Maji iliingia, haikutoka. Tumbo ikavimba sawa ya mama mwenye kungojea mapacha, na umri yangu hii! Nikatapika bitu ya kijani. Kisha nikatapika bitu yenye ilikuwa inanuka sawa choo. Samahani, mais ndivyo ilikuwa.

—Koko, twende hospitali, Kahindo akasema.

—Twende Butembo.

—Butembo utafika mu sanduku.

Aliniambia hivyo, mimi koko yake, na akatoka kutafuta motokari bila kungojea jibu. Leo namushukuru kwa ile adabu mubaya.

Ku hospitali munganga alikuwa kijana mwenye mikono baridi. Alikuwa anasema Kingereza. Bainfirmière, basaidizi bake, balikuwa banasema luga yabo. Kinande, luga yetu, hakuna mwenye alijua, na Swahili balikuwa banaogopa, juu kule kwabo ni luga ya basoda. Donc mudomo yangu ilikuwa Kahindo.

—Anasema utumbo imejipinda sawa nguo yenye banakamua maji, akaniambia. Asipopasua sasa, itaoza.

—Mwambie apasue. Mais aombe kwanza.

Akaomba. Kwa Kingereza, lakini niliona macho imefungwa.

Nilipoamuka, kidonda ilikuwa kutoka kitovu kuteremuka. Mupira ya sonde mu pua, maji ya sérum mu mukono. Kuuma nilivumilia, nimezaa batoto. Kitu ilinishinda ni kiu. Ulimi ilikuwa inakamata juu ya kinywa. Nikaomba maji, bakakataa.

Munganga akakuja, akaweka chombo yake ku tumbo, akasikiliza, akauliza Kahindo neno moja. Kahindo akanigeukia:

—Koko, anauliza kama upepo imepita.

Nikaangalia dirisha.

—Hapana. Bamefunga madirisha.

Kahindo akajibu kwa Kingereza. Munganga akatikisa kichwa. Maji, hapana.

Siku yenye ilifuata, tena:

—Koko, upepo imepita?

—Mwambie humu hakuna upepo, watu banatoka jasho tu. Mbona huyu munganga anapenda mambo ya hewa hivi?

Maji, hapana.

Na mujue: ile wakati yote, tumbo yangu ilikuwa imeanza kusema chini ya blanketi. Nilikuwa naachilia polepole, kwa akili, sawa mama wa kanisa. Munganga akikaribia, nafunga. Nani angejua?

Siku ingine akakuja na munganga mwenzake, mukubwa. Sura yabo haikuwa muzuri. Bakasema mingi. Kahindo akaanza kulia.

—Koko, banasema kama upepo haipiti leo, batapasua tena. Banafikiri utumbo haijaamuka. Na banasema hauna tena nguvu ya kupasuliwa mara mbili.

Hapo nikaogopa. Lakini nikauliza:

—Utumbo yangu na upepo ya inje, binajuana wapi?

Kahindo akaweka mukono ku kinywa.

—Koko. Haiko ya dirisha. Mu Kingereza banasemaka hivyo tu. Ni upepo yako.

—Yangu gani?

—Ya... ya nyuma.

—We mutoto! Mbele ya banaume?

Akapangusa machozi. Akaniuliza kwa Kinande chetu, neno yenyewe, wazi wazi, na sauti ya mutu mwenye kuita mwenzake ngambo ya mutoni, juu hakuna mwingine angesikia. Nikafungua kinywa kumukaripia. Ni wakati ile munganga mukubwa alikandamiza tumbo.

Upepo ikapita.

Haikuwa ya polepole. Haikuomba mutu wa kutafsiri. Ule munganga kijana akapiga makofi, bainfirmière bakacheka mpaka kujishika, na mugonjwa wa kitanda ya karibu akasema aleluya, neno moja yenye bote tulijua. Bakaniletea maji mu kijiko. Ile maji, bamama, sitaisahau mpaka mbinguni.

Bote bakitoka, Kahindo akaikala pembeni yangu:

—Mu kitabu yangu ya Kingereza bameandika ile neno ni upepo tu, Koko.

—Basi ubakie. Umalize mwaka yako, umalize na hiyo kitabu. Na ile pantalon, utafute yenye kupana kidogo.

Kidonda ilipofunga, nikarudi peke yangu. Yeye akamaliza mwaka, akarudi Butembo, akaingia université. Akasoma agronomie. Ananifundishaka sasa namna ya kupumuzisha shamba, mimi!

Namushukuru Mungu, na bale banganga benye sikujua luga yabo. Tumbo ikivimba na haitoi kitu, usiijaze majani kwa lavement. Kimbia hospitali, na kule usifiche kitu, hata yenye haya. Bazazi, mutoto akimaliza masomo na njia imefungwa, mumuache aone kwengine. Na ninyi batoto benye munaenda, musirudi na maneno ya kitabu tu. Muulize watu banataka kusema nini.

Kahindo ni mama sasa. Asubui akipita kwangu, haulizi kama nimelala vizuri. Anasimama ku mulango:

—Koko, upepo imepita?

—Imepita, mutoto wangu, namujibu, na kumushukuru kwa Kinande chetu. Wasingya.