Clementina na Nyoka Aliyedaiwa Kugoma Kula

Hasira ya Clementina ilianza mwezi wa kwanza, na sababu yake ilikuwa moja: alisema, akasema tena, asisikilizwe.

Kwa miaka tisa alikuwa mtunza nyoka katika kituo kidogo cha wanyama watambaao huko Scarborough, Kanada. Watanzania wenzake kanisani walimshauri atafute kazi ya kulea wazee, kazi isiyomtia mtu mashaka. Yeye hakuona shaka yoyote. Nyoka hawakuwahi kumwudhi; waliomwudhi walikuwa watu.

Mwenye kituo alikuwa Mzee Jalaludin, mzaliwa wa Tanga aliyehamia Kanada akiwa kijana, Kiswahili chake kikiwa bado kimenyooka. Kila asubuhi Clementina alimwamkia shikamoo, naye akaitikia vizuri, akimwita Mama Ella kwa jina la bintiye. Kisha kutwa nzima akapuuza kila alichoambiwa.

Mwezi huo kituo kililetewa nyoka wa njuga, yule wa majangwa ya Marekani ambaye ncha ya mkia wake hulia kama njuga miguuni mwa mcheza ngoma. Mzee alimweka mlangoni, ndani ya sanduku la kioo lisilo na pa kujificha, ili kila aingiaye amwone. Watoto wa shule waligonga kioo, walimu wao wakipiga picha. Nyoka alijikunja pembeni, mkia ukilia mchana kutwa. Wiki kumi na nne zikapita bila kumeza kitu, hata uti wa mgongo ukachomoza chini ya ngozi.

Clementina alimweleza Mzee mara tatu kwamba nyoka huyo anataka giza, maficho na kuachwa peke yake. Mzee alijibu kwamba wageni hawaji kutazama sanduku tupu. Akawa anamlisha mwenyewe mbele yao, akimtikisa panya mfu kwa koleo ndefu. Mara mbili nyoka alimuuma panya akamwachia, na mara mbili Mzee akamwondoa, akitangaza kwamba amekataa. Clementina alisimama nyuma akisaga meno. Nyoka wa namna hiyo huuma, huachia, husubiri sumu ifanye kazi, ndipo hulitafuta windo kwa ulimi. Hakuwa amekataa. Alikuwa amepokonywa.

Jumatatu moja Mzee akasema kesho yake wangemsukumia nyoka chakula kooni kwa mrija wa mpira, na Clementina ndiye angemshika kichwa. Kufika hapo uvumilivu ukamwisha.

"Mimi simshiki, Mzee."

"Mama Ella, kazi yako hapa ni ipi?"

"Kumweka hai. Wewe unamuua, tena kwa ajili ya picha."

Hakuwahi kumwambia mtu mzima maneno kama hayo. Hata hivyo hakuyafuta. Alichukua fimbo yenye ndoano ya kunyanyulia nyoka, akamhamishia nyoka kwenye pipa lenye kifuniko, akampeleka chumba cha nyuma, akafunga na kutia ufunguo mfukoni. Mzee alimfuata akitishia kumfukuza kazi. Alimjibu amfukuze baada ya wiki moja.

Humo ndani alimwekea nyoka sanduku jingine, taa ya joto upande mmoja na chungu kilichopinduliwa, ukingo wake umevunjwa kuwa mlango. Vioo akavifunika kwa magazeti. Siku tano aliingia kubadilisha maji tu. Siku ya sita alimpasha joto panya mfu kwenye maji ya moto, akamkausha, akamsogeza kwa koleo hadi penye chungu. Nyoka alichomoka, akauma, akaachia, akarudi gizani.

Clementina hakumgusa panya. Alitoka, akaketi juu ya ndoo kwa dakika arobaini, moyoni akiendelea kugombana na Mzee. Aliporudi, panya hakuwepo, na katikati ya mwili wa nyoka palikuwa na uvimbe.

Alimwita Mzee, akamfunulia pembe ya gazeti. Mzee aliinama kuutazama uvimbe. Hakuomba radhi, alisema tu nyoka abaki huko huko, na mlangoni wataweka kenge.

Alasiri Clementina akamsikia ofisini akimsimulia mtu kwenye simu jinsi "sisi" tulivyogundua kwamba nyoka alitaka utulivu. Damu ikamchemka upya. Akaingia bila hodi.

"Mwambie ni nani aliyegundua."

Mzee akamtazama, simu sikioni. Kisha akalitaja jina lake, lote, pamoja na la baba yake. Clementina hakusema ahsante. Aligeuka, akaenda kusafisha sanduku la kenge, uso bado umekunjamana.