Simu za Baba kutoka Ng'ambo ya Rusumo

Baba anaendesha lori la mizigo kutoka Dar mpaka Kigali, na sisi tunakaa Runzewe, barabarani kabisa, kwa hiyo tunamwona akipita zaidi kuliko tunavyomwona akikaa.

Zamani akifika mpaka wa Rusumo alipiga simu akasema neno moja: "Navuka." Basi. Akiwa upande wa pili salio lilikuwa linayeyuka, na akipiga tulishazoea kujipanga: mama anaongea ya muhimu, mimi na mdogo wangu tunasogea kwa zamu, shikamoo, marahaba, simu inarudi kwa mama. Mdogo wangu alikuwa ananuna. Mimi nilipenda. Nina aibu hata kwa baba yangu mwenyewe, na shikamoo ilinitosha.

Ndiyo maana kuna mambo hakuyajua. Mdogo wangu aliposhonwa goti zahanati nilimsindikiza, nikaona damu, nikaanguka. Nesi akamwacha mtoto akaja kunipepea mimi! Mama alicheka sana, ila baba alikuwa Kigali, na habari kama hiyo haikuwa ya kupigiana simu nje ya nchi.

Halafu nikamaliza kidato cha nne, na baba akaamua niende chuo cha uuguzi Shinyanga. Aliamua kwa furaha, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu, maana aliwatangazia madereva wenzake wote. Lakini nilikuwa nimechaguliwa pia kidato cha tano, Historia, Jiografia na Kiswahili, na moyo wangu ulikuwa huko. Chuo kilitaka jibu kabla ya Ijumaa. Sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba baba akirudi nitasema.

Kumbe wakati huo nchi zetu zilikuwa zimeelewana mambo ya simu, mtu akivuka na laini yake asikamuliwe kama zamani. Baba akawa anapiga akiwa Kigali kama vile yuko Ushirombo, hapo mji wa jirani. Anapiga akila, anapiga akisubiri kushusha mzigo. Tena anauliza habari, na anasubiri jibu.

Jumatano akapiga akiwa kwenye foleni ya forodha. Mama alikuwa anasonga ugali, akanionyesha simu kwa kidevu.

"Nesi wangu!"

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ananiita hivyo akifurahi.

Nyuma yake madereva wenzake wakapiga kelele. "Shikamoo nesi! Nina homa huku!"

"Mwongo huyo, mchome mbili!"

Nikageuka nimpe mama simu.

"Usimpe mama yako, sijamaliza," baba akasema. "Niambie, umejiandaaje?"

Nikasema haraka haraka, "Baba, mimi nikiona damu naanguka. Nataka kidato cha tano."

Kimya. Zamani kimya kama hicho kilimaanisha simu imekatika, na ningeshukuru.

"Baba? Mtandao?"

"Mtandao upo."

Nikasikia mlango wa lori ukifungwa, kelele za wenzake zikabaki nje.

"Ulianguka lini?"

Nikamsimulia yote, goti, nesi, kupepewa. Mama akapaza sauti toka jikoni, "Kweli, alidondoka kama gunia la pamba!" Baba akacheka kidogo, kisha akaguna.

"Na mimi sikuambiwa."

"Ulikuwa Kigali."

"Hawa wote nimeshawaambia, mayu."

"Najua, baba."

"Chuo usikijibu kwanza. Nikirudi tutaongea."

Sijui nilipata wapi ujasiri. "Chuo kinataka jibu kabla ya Ijumaa. Na ukirudi unalala, baba. Halafu unaondoka."

Nikasikia injini ya lori ikizimwa.

"Haya," akasema, "foleni yenyewe haisogei. Hiyo shule iko wapi?"

Nikatoka na simu, nikakaa kizingitini, nikaanza kumweleza.