Moshi wa Waokoaji

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na umeme ukawa wa mgao, ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya kwanza ya jengo kuukuu upande wa Gerezani, jirani na mafundi wa spea. Kazi yetu ilikuwa kuokoa watu kwa ndege. Zahanati ya mbali ikipata mgonjwa wa kufa na kupona, mama aliyeshindwa kujifungua au mchunga ng'ombe aliyepigwa na nyati, ilituita kwa redio ya upepo. Mimi ndiye niliyekaa redioni. Nilimtafuta rubani na nesi, na ndege ikaruka. Niliipenda kazi ile, na sikufukuzwa. Hasira yangu haitokani na huko.

Mgao ulipozidi, meneja alinunua jenereta. Enzi hizo Kariakoo nzima ilikuwa inanguruma, kila mwenye duka na lake. La kwetu liliwekwa uani, na ua wenyewe ulikuwa mwembamba, umezungukwa na kuta ndefu pande zote. Moshi haukuwa na pa kwenda ila juu. Na juu yetu aliishi mama mmoja wa Kihindi, mjane wa makamo ya bibi yangu, aliyezaliwa katika jengo lile lile. Mwanawe alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo na alishinda huko. Mama alibaki peke yake na jiko lake, ambalo dirisha lake lilitazama uani.

Alishuka siku moja ameshika shuka jeupe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akalitandaza shuka juu ya meza yangu. Masizi yalikuwa yamelijaa kama upele. Hakugomba. Aliomba tu bomba la moshi lirefushwe mpaka juu ya paa. Nilimpeleka kwa meneja, naye akamkaribisha kiti, akamwagizia soda, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "sisi hapa tunaokoa maisha ya watu. Vumilia kidogo."

Mama alikunja shuka lake, akashukuru kwa soda ambayo hakuigusa, akapanda ngazi.

Sentensi ile niliisikia mara nyingi mno. Oili chafu ya jenereta ilipomwagwa kwenye mtaro unaoelekea mto Msimbazi, niliuliza, nikajibiwa kwamba tunaokoa maisha. Glovu na bomba za sindano kutoka kwenye ndege zilipotupwa kwenye jalala la mtaa, wanakochezea watoto wa watu, nikajibiwa hivyo hivyo. Kiyoyozi cha meneja kiliwaka kutwa na madirisha wazi, kwa kuwa alivuta sigara, na hilo nalo likahesabiwa kuwa kuokoa maisha. Kana kwamba mtu akishafanya jambo moja jema amepewa kibali cha kuwachafulia wenzake kila kitu kingine.

Kisha ikaja siku ya dari kugongwa. Ilikuwa mchana, jenereta linanguruma tangu asubuhi, nami naongea na zahanati moja ya mbali. Nikasikia ngo, ngo, juu ya kichwa changu. Nilipopanda nilimkuta mama amekaa sakafuni jikoni, mchi mkononi, midomo imebadilika rangi, pumzi zinakatika. Jiko lilikuwa limejaa moshi wetu. Nikamkokota mpaka kibaraza cha mbele, upande wa barabara, kisha nikashuka mbio kuchukua mtungi wa oksijeni stoo.

Meneja alikuwa mlangoni. Nilimweleza. Alinitazama, akautazama mtungi.

"Huo ni wa ndege," akasema.

Niliubeba nikapita. Mchaga mwenye duka la jumla pale chini alileta pikapu yake, tukamlaza mama nyuma juu ya magunia matupu, tukaenda naye hospitali. Huko njiani nilikuwa nimeubana mtungi kwa magoti, nimejaa ghadhabu. Tulikuwa tukituma ndege kumfuata mgonjwa ng'ambo ya mbuga, na huyu wa juu ya dari yetu tulikuwa tumemuumiza wenyewe kisha tukamnyima pumzi.

Alipona. Lakini mimi kesho yake sikuingia kazini kwa upole. Niliazima betri ya gari kwa yule mwenye duka, nikaunganisha redio, nikashuka uani nikazima jenereta. Redio ilifanya kazi kutwa nzima, sauti safi kuliko siku zote, maana hapakuwa na mngurumo. Kilichokufa kilikuwa kiyoyozi, friji la soda na mashine ya fotokopi. Meneja alitoka ofisini ameloa jasho, akaniambia nimehatarisha wagonjwa. Rubani wetu, mtu mzima asiyependa maneno, alikuwa amekaa pale anasubiri safari.

"Zahanati zote tunazoongea nazo zinatumia umeme wa jua," alisema. "Hizo paneli tulizipeleka sisi wenyewe kwa ndege."

Nilipewa onyo. Lakini maneno ya rubani yaliwafikia wafadhili, nao wakayapenda, na baada ya muda paneli zikaletwa. Mnaweza kudhani mambo yaliishia hapo. Meneja alichagua sehemu yenye jua zuri paani, pale pale ambapo mama alikuwa na kamba zake za kuanikia, akaamuru kamba zikatwe na mlango wa paa ufungwe kwa kufuli. Nilibishana naye bila mafanikio. Mama hakubishana. Asubuhi, kabla kufuli halijatiwa, fundi alipopanda na vyuma vyake alimkuta ameketi juu ya kigoda katikati ya nafasi yake, anachambua mchele. Fundi alimwamkia, akasimama, akajikuna kichwa, mwisho akazisogeza paneli zikakaa upande wa tangi la maji. Jua lilikuwa la kutosha huko pia.

Siku ya uzinduzi walikuja wageni wenye tai. Meneja alisema kwamba shirika letu limeamua lenyewe, kwa kuyajali mazingira, kuacha moshi. Wakapiga makofi. Mama hakualikwa, wala yule mwenye duka. Na uani jenereta lilikuwa linawaka, ili wageni wapate ubaridi wa kiyoyozi.

Jioni nilikutana na mama ngazini, akaniuliza wamesema nini. Nikamsimulia yote.

"Waache, binti," akasema. "Moshi wa leo ni wa leo tu; siku nyingi sasa napika dirisha likiwa wazi."

Akaendelea kupanda, polepole, ameshika ukuta. Yeye aliwasamehe. Mimi sikuwasamehe, na tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba anaokoa maisha, namuuliza kwanza nani anaishi juu yake.