Samli ya Askari

Haya ninayoyaandika hamtayaamini, lakini shauri yenu. Shemeji yangu Inshirahi, ambaye kuku wa jirani akitaga uani kwake hulirudisha yai likiwa bado na joto, aliliibia jeshi zima. Mwenyewe kaketi hapa anachambua dengu, nami namsomea kila mstari.

Ilikuwa Tel el-Kebir, huku kwetu Misri, miaka ya vita vya Mfereji wa Suez, madirisha yetu yote yamepakwa buluu ili ndege zisituone. Tanuri la mtaa lilikuwa langu, na fundi wa moto kama mimi hakuwepo mpaka Zagazig. Idi ilipokaribia, wanawake walichanga samli yao ya mgao, kijiko hapa, kikombe pale, askari wa kambini waokewe kahki, biskuti za sikukuu. Samli yote akakabidhiwa Inshirahi, kwa kuwa hakuna anayekanda kama yeye.

Akaniletea sinia mbili. Kwetu kila mwanamke huzifinya kahki zake kwa koleo, alama yake ijulikane, na sinia zote mbili zilikuwa na alama ya Inshirahi. Lakini pua hii haidanganyiki! Sinia ya kwake ilinukia samli mpaka paka wakapanga foleni. Ya askari ilinukia mafuta ya pamba.

"Shemeji, hizi ni mama mmoja, baba mbalimbali?"

"Nyamaza nawe, Bayumi! Wanangu hawajaonja samli tangu mwaka jana. Hao askari serikali inawalisha."

"Nitanyamaza, ila mdomo huu hauzibiki mtupu."

Akanipa kahki tano. Nikazila zote, Mungu anisamehe.

Siku ya Idi askari mmoja, kijana mwembamba, akarudisha sinia tupu. "Mama, Mungu aibariki mikono yako. Tumegombania hata makombo."

Inshirahi hakutia kitu kinywani siku ile. Wanawe wanakula, yeye anatazama ukuta. Kesho yake asubuhi akawapokonya zilizobaki, akajitwika sinia hadi kambini, nami nyuma yake.

Hapo sasa! Kikosi kizima kimejipanga langoni, shemeji anakiri huku analia, kamanda akambusu kichwa kama mamaye mzazi, askari mia tano wakapiga makofi, wakasema kwa sauti moja, mama, tumekusa—

"Futa hayo, Bayumi! Kambi ilikuwa tupu. Walikuwa wamepelekwa vitani alfajiri. Nani alinisamehe?"